Kabla hujainua matiti kwa upasuaji: niliyoyajua mapema na niliyoyajua nikiwa kitandani

Tausi (mleta uzi)

Habari zenu wapendwa. Ni miezi 16 sasa tangu nifanyiwe upasuaji wa kuinua matiti. Nimekuwa nikijibu maswali yale yale faraghani, mtu mmoja mmoja, nikaona bora niyaweke hapa kila mwenye haja asome. Sikuja kumsukuma mtu afanye, wala kumzuia. Matokeo yangu nayapenda. Ila kuna jambo moja dogo ambalo halikuulizwa, nami sikulisema, likanikalisha nyumbani wiki 5 badala ya 2. Nitalifikia.

Kwanza hili: upasuaji huu hauongezi titi. Daktari anaondoa ngozi iliyolegea, anaikusanya nyama ya titi, anaipandisha chuchu. Kilichokuwemo ndicho kinachobaki, kimepangwa upya tu. Mimi sidiria yangu ilishuka kikombe kizima, kwa sababu kumbe ngozi nayo ilikuwa inajaza nafasi. Kama unachotaka ni titi lijae upande wa juu, mwambie daktari hivyo hivyo, maana hiyo ni kazi nyingine. Na kama tatizo lako ni mgongo na mabega kuuma kwa uzito wa matiti, hiyo pia ni kazi nyingine, inaitwa kupunguza matiti. Kuinua hakuondoi uzito wa maana.

Pili, titi halina msuli ndani yake. Kuna tezi za maziwa, mafuta, ngozi, na nyuzi nyembamba za kano zinazolishikilia. Daktari Mwingereza Astley Cooper alizichora na kuzieleza mwaka 1840, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Nyuzi hizo na ngozi vikishavutika havirudi. Mazoezi ya kifua yanakaza msuli ulio nyuma ya titi, ni mazuri kwa afya, lakini titi lenyewe hayalipandishi. Krimu ndiyo kabisa. Nilipaka krimu miaka 2, asubuhi na jioni, nikaambulia vipele.

Tatu, nalisema hili kwa wote wanaojilaumu: si kunyonyesha. Kuna utafiti wa mwaka 2008 uliowaangalia wanawake waliowahi kushika mimba, ukaona kwamba titi hushuka kwa umri, idadi ya mimba, uzito wa mwili, ukubwa wa titi tangu kabla ya mimba, na sigara. Kunyonyesha peke yake hakukuongeza kitu. Mimba ndiyo inayotanua ngozi, unyonyeshe usinyonyeshe. Niliponyonyesha wanangu watu walinionya, na nilibeba maneno yao miaka mingi bure.

Sasa chumba cha daktari. Utavua nguo za juu na atakupima kwa futi ya kitambaa kutoka kwenye kibonde cha shingo hadi kwenye chuchu, upande huu na upande huu. Usishangae namba zikipishana, hakuna mwanamke mwenye matiti sawasawa. Kisha ataangalia chuchu iko wapi ukilinganisha na mkunjo wa chini ya titi. Madaktari wengi hutumia madaraja ya Regnault ya mwaka 1976: chuchu ikiwa usawa wa mkunjo ni daraja la kwanza, ikiwa chini ya mkunjo ni la pili, ikiwa ndiyo ncha ya chini kabisa na inatazama sakafu ni la tatu. Mimi nilikuwa la tatu upande wa kushoto, la pili kulia.

Daraja hilo ndilo linaloamua makovu. Kushuka kidogo, mkato unaweza kuzunguka duara la chuchu tu. Kushuka kiasi, mkato unazunguka duara halafu unashuka mstari mmoja hadi kwenye mkunjo, umbo la tundu la ufunguo. Kushuka sana, unaongezwa mstari wa tatu kando ya mkunjo, kama nanga. Mchoro wa msingi wa mkato huu aliutoa daktari Wise mwaka 1956 na bado unatumika. Ukiona daktari anamwahidi mwenye daraja la tatu kwamba atamfanyia kwa mkato wa duara tu ili asipate makovu, jiulize mara mbili. Ngozi yote ile ikikusanywa kwenye duara moja, duara linatanuka na titi linabonyea mbele.

Hapo ndipo penyewe. Huu upasuaji ni kubadilishana: unatoa ngozi laini isiyo na alama, unapewa umbo pamoja na makovu ambayo hayatafutika maisha yako yote. Yatafifia, ndiyo. Miezi 3 ya mwanzo yangu yalikuwa mekundu na magumu kama kamba chini ya kidole. Leo ni mistari bapa, rangi yake imezidi ngozi yangu kidogo. Yanaendelea kubadilika hadi mwaka mmoja, hata mmoja na nusu. Kabla hujasaini karatasi, simama mbele ya kioo uchukue kalamu ya wanja, uchore hiyo nanga kwenye titi lako. Kaa nayo siku nzima. Kama moyo unakubali, endelea.

Asubuhi ya upasuaji daktari alinichora nikiwa nimesimama wima, kalamu ya zambarau, baridi, akirudi nyuma hatua mbili kutazama kama fundi anayepima mlango. Inabidi usimame, kwa sababu ukilala titi linahama na mchoro unadanganya. Nikamwuliza mbona chuchu ya kushoto ameiweka chini kidogo ya ya kulia. Akasema lile la kushoto lilikuwa zito zaidi, likipungua uzito litapanda lenyewe. Alikuwa sahihi.

Na sasa lile jambo langu. Fomu iliuliza: "Unavuta sigara?" Nikaandika hapana. Ilikuwa kweli, niliacha miezi 7 kabla. Lakini nilikuwa natafuna chingamu ya nikotini, tano sita kwa siku. Hakuna aliyeuliza. Mimi kichwani mwangu chingamu ilikuwa dawa, si sigara. Nilitafuna hadi siku moja kabla, na siku ya tatu baada ya kutoka nikaendelea.

Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, haijali imeingia kwa moshi, kwa chingamu, kwa kibandiko au kwa sigara ya umeme. Na pale mistari miwili ya nanga inapokutana, chini ya titi, ndipo ngozi iko mbali zaidi na damu yake. Siku ya 12 nilihisi unyevu kwenye sidiria. Nikaangalia: kitundu kama punje ya mchele, kando yake njano. Baada ya siku 4 kilikuwa ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Hakikuwa na usaha, sikupata homa, ila hakikufunga. Kusafisha, kuweka bandeji mpya kila siku, kusubiri. Nilipotaja chingamu kliniki, daktari alikaa kimya kidogo, akasema, "Ningeijua hii tungeahirisha." Hakunigombeza, na mimi sikumlaumu sana, lakini nililia njia nzima kurudi nyumbani. Kovu langu ni jembamba kila mahali isipokuwa pale, pale ni pana kama ukucha wa kidole cha mwisho.

Kwa hiyo: nikotini ya aina yoyote, iache angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada, wengine wanataka 6. Madaktari wengine wanapima mkojo kuhakikisha. Na chochote unachokitumia, kidonge, chai ya majani, unga, vitamini, kitaje hata kama fomu haina nafasi yake.

Karibuni kwa maswali.

---

Nuru77

Mleta uzi ubarikiwe, nimesoma mara mbili. Nina miaka 31, mtoto mmoja, nimemwachisha ziwa miezi 2 iliyopita. Nataka mwingine baada ya miaka 2 hivi. Nilikuwa tayari nimepanga kwenda kumwona daktari mwezi ujao. Nifanye sasa au? Na je, nitaweza kunyonyesha tena?

---

Tausi

Nuru dada yangu, kwa moyo wote, subiri.

Miezi 2 baada ya kuachisha ziwa titi bado linajipanga. Madaktari wanataka ikae angalau miezi 3, wengi husema 6, na uzito wako uwe umetulia, haupandi haushuki. Ukifanyiwa sasa wanapima titi ambalo si titi lako la mwisho.

Halafu mimba ijayo. Upasuaji haukuzuii kushika mimba wala haumdhuru mtoto. Ila mimba itatanua ngozi tena, na ulichokipata kinaweza kushuka nusu au chote. Utakuwa umepata makovu kwa ajili ya miaka 2. Mimi nilifanya nikiwa nimemaliza kuzaa, na hilo ndilo jambo ninalolishukuru kuliko yote.

Kunyonyesha: inategemea chuchu imehamishwaje. Kwa njia za kawaida chuchu haikatwi ikatoka, inapandishwa ikiwa bado imeshikana na nyama yake, mirija na damu yake. Wengi wanaweza kunyonyesha, wengine maziwa yanakuwa pungufu, na hakuna daktari mkweli atakayekuapia. Ikiwa chuchu inaondolewa kabisa na kupandikizwa juu, jambo linalofanywa mara chache kwa matiti yaliyoshuka mno, hapo kunyonyesha kumekwisha na hisia zake karibu zote zimekwenda. Uliza swali hili kwa maneno haya haya: "Chuchu yangu itabaki imeshikana na nini?"

---

Nesi wa Zamu

Nimefanya kazi chumba cha upasuaji miaka 9. Tausi ameeleza vizuri, naongeza yale tunayoyaona sisi.

Kabla ya kumpenda daktari kwa picha zake, jua mambo matatu. Yeye ni bingwa wa upasuaji rekebishi aliyesajiliwa, au ni daktari aliyehudhuria kozi fupi? Nani atakulaza, kuna daktari wa usingizi ambaye kazi yake ni wewe tu kuanzia mwanzo hadi mwisho? Na hicho chumba, likitokea la kutokea saa 8 usiku, kinaweza kukurudisha mezani au watatafuta gari kukupeleka kwingine? Upasuaji wenyewe huchukua saa 2 hadi 3 na kwa kawaida ni wa usingizi kamili. Mtu akikwambia ni jambo dogo la kwenda na kurudi chakula cha mchana, huyo muogope.

Dawa. Aspirini, ibuprofeni na ndugu zake huongeza kutoka damu. Vivyo hivyo vidonge vya mafuta ya samaki, vitamini E, vidonge vya kitunguu saumu, ginkgo. Kwa kawaida husimamishwa wiki moja hadi mbili kabla. LAKINI kama dawa ya kupunguza kuganda kwa damu uliandikiwa na daktari wa moyo au kwa sababu ya kiharusi, usiiache kwa akili yako, madaktari wawili wazungumze. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo vitaje, vinaongeza uwezekano wa damu kuganda mguuni. Wengine wataambiwa waache, wengine hapana.

Kufunga kabla ya usingizi: utaratibu wa kawaida ni chakula kigumu mwisho masaa 6 kabla ya usingizi, maji matupu mwisho masaa 2 kabla. Fuata uliloambiwa na daktari wako wa usingizi. Wagonjwa wanaficha kwamba walikula, wanaona aibu kuahirishiwa. Chakula kikipanda kikaingia mapafuni wakati umelala kinaweza kukuua. Sema tu, hakuna atakayekucheka.

Saa 24 za kwanza, kitu cha kukuamsha hata kama ni usiku wa manane ni titi MOJA kuvimba haraka, kukaza na kuuma kuliko mwenzake. Hiyo mara nyingi ni damu inavilia ndani, lazima ifunguliwe. Chuchu ikigeuka ya zambarau iliyoiva au nyeusi, piga simu saa hiyo hiyo. Homa inayopita nyuzi 38, wekundu unaotambaa, usaha, harufu, piga simu. Na kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma, au ukakosa pumzi ghafla, hapo si kupiga simu kwa kliniki, ni kwenda dharura, kwa sababu bonge la damu linaweza kuwa limefika mapafuni. Ndiyo maana tunawainua mtembee siku ile ile ingawa mnatukasirikia.

---

Rehema_K

Mimi nina keloidi masikioni, nilitoboa nikiwa na miaka 15 ikaota kama zabibu. Kifuani je? Naogopa kuuliza kliniki wasije wakanikatalia.

---

Nesi wa Zamu

Rehema, bora wakukatalie mapema kuliko wakufanyie bila kujua. Keloidi ni kovu linalovuka mipaka ya kidonda na kuendelea kukua. Ngozi nyeusi inaota zaidi, na kifua katikati, mabega na masikio ndiyo maeneo yake. Mkato wa nanga unaisha karibu na katikati ya kifua, hapo hapo panapopenda kuota. Hili halimaanishi haiwezekani kabisa. Daktari anaweza kuufupisha mkato wa upande wa ndani, akapanga mapema vipande vya silikoni vya kubandika juu ya kovu, sindano za steroidi kovu likianza kuinuka, na akakufuatilia kwa karibu. Muonyeshe sikio lako. Kweli muonyeshe, alishike.

Msichanganye keloidi na kovu lililovimba tu. Kovu lililovimba linabaki ndani ya mstari wake na mara nyingi hutulia lenyewe baada ya miezi kadhaa.

---

Sauti ya Upole

Samahani wenzangu, sina nia ya kumuudhi mtu. Nasoma hizi habari za kuvilia damu na chuchu kugeuka nyeusi najiuliza, kwa nini mtu mzima asiye mgonjwa ajilaze mezani? Titi kushuka ni mwili kuishi. Mama zetu walishuka matiti na walipendwa.

---

Tausi

Dada, hujaniudhi. Nilijiuliza hilo miaka 6.

Mimi nilikuwa na vidonda vya jasho chini ya titi kila msimu wa joto, ngozi juu ya ngozi, vinanuka, vinarudi. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba sikuwa naangalia mwili wangu wakati wa kuoga, nilikuwa nazima taa. Mume wangu hakuwahi kulalamika hata siku moja. Nilitaka mimi.

Ila nakubaliana nawe kwa hili: anayekwenda kwa sababu mwanaume amemwambia "jirekebishe", arudi nyumbani. Anayedhani ndoa itapona au atapata kazi, arudi. Na yule ambaye akitazama kioo haoni kitu kingine isipokuwa kasoro, leo pua, kesho titi, keshokutwa tumbo, aongee kwanza na mshauri wa saikolojia. Upasuaji hauyatibu hayo. Daktari mzuri atakuuliza kwa nini, na atasubiri jibu.

---

Asali_Mbichi

Nilifanya kuinua pamoja na vipandikizi, ile mifuko inayowekwa ndani kulijaza titi, kwa wakati mmoja, miaka 8 sasa. Naomba niseme kwa wanaofikiria hivyo.

Ni kazi mbili zinazovutana. Moja inabana ngozi, nyingine inaijaza. Ndiyo maana wengine wanapendelea kuzifanya kwa nyakati mbili, miezi kadhaa katikati, na ndiyo maana watu wa kufanyiwa zote pamoja hurudi mezani mara nyingi zaidi. Mimi nilirudi, chuchu za kwangu zilibaki juu kipandikizi kikateremka.

Vipandikizi si vya maisha. Panga akilini kwamba ipo siku vitatolewa au kubadilishwa. Vya silikoni vinaweza kupasuka usijue, kwa hiyo FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, inashauri kuangaliwa kwa ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekwa, halafu kila miaka 2 hadi 3. Halafu kuna limfoma adimu, aina ya saratani, inayoota kwenye utando unaozunguka kipandikizi, inayohusishwa hasa na vile vyenye uso usio laini. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya BIOCELL kwa sababu hiyo. Daktari akikuwekea, omba kadi yenye jina, aina na namba ya kipandikizi, uitunze kama cheti cha kuzaliwa. Yangu niliitafuta wiki nzima mwaka 2019, moyo unadunda, hadi nikaikuta ndani ya kitabu. Vyangu havikuwamo.

---

Baba Wawili

Mimi mume wa mtu. Mke wangu amepangiwa wiki 3 zijazo. Nisaidie wapi? Sitaki kukaa tu kama kigogo.

---

Tausi

Ubarikiwe kwa kuuliza kaka yangu.

Leo hii, kabla hajaenda, ingia jikoni na bafuni ushushe kila anachokitumia kiwe kati ya kiuno na kifua chake. Vikombe, dawa ya meno, taulo. Hataruhusiwa kunyanyua mikono juu ya mabega, wala kubeba kitu kizito, kwa wiki kadhaa. Mtoto mdogo naye habebwi. Mweke mtoto kitandani, apande mwenyewe pajani mwa mama yake. Mnunulie nguo zinazofunguka mbele.

Atalala chali, mgongo umeinuliwa kwa mito, na atachukia. Sidiria laini ya kubana atavaa usiku na mchana wiki 4 hadi 6, bila waya. Asiendeshe gari mpaka aweze kukata usukani ghafla bila maumivu na awe ameacha dawa kali za maumivu. Kazi ya mezani wengi hurudi wiki ya 1 hadi ya 2, mazoezi wiki ya 4 hadi ya 6 na kwa ruhusa.

Mwoshe nywele. Mume wangu aliniosha nywele siku ya tano, nimekaa kwenye kiti, kichwa nyuma kwenye sinki, maji yakimwingia kwenye mikono ya shati. Hadi leo nikikumbuka upasuaji ule nakumbuka hayo kwanza.

Na akilia bila sababu siku ya 4 au ya 5, usimwambie "si ulitaka mwenyewe". Matiti yatakuwa yamepanda juu mno, bapa chini, yamevimba, hayafanani. Atadhani yameharibika. Yanashuka na kujaa chini kwa wiki na miezi, umbo la kweli linaonekana miezi 3 hadi 6. Chuchu inaweza kufa ganzi au kuwa na hisia kali hata nguo ikigusa. Kwa wengi hurudi taratibu, kwa wachache hairudi.

Kitu kingine: kama wiki ya 5 au 6 anaweza kuona kipele juu ya mshono na ncha ngumu ya uzi inachomoza kama mfupa mwembamba wa dagaa. Ni uzi wa ndani mwili umeusukuma nje kabla haujayeyuka. Usiuvute. Kliniki wataukata kwa dakika moja.

---

Mama Shani

Nina miaka 47. Nasikia upasuaji huu unaficha saratani, ni kweli?

---

Nesi wa Zamu

Haufichi na hausababishi saratani, mama. Ila unabadilisha picha. Nyama ikihamishwa inaacha makovu ndani, na mafuta yaliyokosa damu yanaweza kuwa donge gumu linaloonekana kama saratani kwa mkono na hata kwenye picha. Kwa hiyo kwa umri wako piga mammogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, KABLA, ili uingie mezani ukijua matiti ni salama, halafu nyingine kati ya miezi 6 na 12 baadaye iwe ndiyo picha mpya ya kulinganishia. Kila utakapokwenda kupigwa picha waambie mafundi kwamba ulifanyiwa upasuaji. Donge lolote jipya lichunguzwe, usijiambie mwenyewe kwamba ni mafuta tu. Na kama kuna saratani ya matiti kwenye familia, liseme siku ya kwanza kabisa.

Nyama ikitolewa, uliza kama itapelekwa maabara.

---

Tausi

Naongeza moja nililosahau. Titi litashuka tena. Taratibu, lakini litashuka, maana umri hausimami na nyuzi za Cooper hazikuwekwa mpya. Yanayosaidia idumu ni uzito usioyumba, kutovuta, na kutopata mimba nyingine. Daktari akikuambia ni ya kudumu milele, muulize milele ni miaka mingapi.

---

Nuru77

Nimerudi. Sikughairi miadi, nilikwenda na maswali yenu nimeyaandika kwenye karatasi.

Chuchu itabaki imeshikana na nini: alijibu vizuri, akachora. Daktari wa usingizi: "tunaye kijana mzuri." Nikauliza ni daktari? Akasema ni mzoefu. Nikaomba picha za makovu za mwaka mmoja baadaye. Akaniletea albamu kubwa. Nikahesabu tarehe, hakuna iliyopita wiki 6, na nusu ya wanawake wamefunikwa sidiria. Nikamwambia nataka mtoto mwingine baada ya miaka 2. Akasema hakuna shida, nikishazaa nirudi atanifanyia tena kwa punguzo.

Nikamshukuru, nikachukua mkoba wangu. Jioni nilichukua wanja kama Tausi alivyosema, nikachora nanga pande zote mbili, nikakaa nayo hadi nilipokwenda kuoga. Moyo haukukataa. Nimeandika kwenye kalenda: baada ya mtoto wa pili, miezi 6 baada ya kumwachisha. Nitarudi kwenye uzi huu kuuliza tena.

---

Tausi

Nipo, mdogo wangu. Uzi sifungi.